Karatasi kwanza, mtumbwi baadaye: jinsi ya kushirikiana na maabara za nje kwenye sampuli za Ziwa Tanganyika

Kila mwezi napokea ujumbe wa namna moja. "Kaka, kuna profesa wa nje kaniandikia, anataka konokono wa ziwani na maji ya kina kirefu. Nianzie wapi?" Wanaouliza ni vijana waliomaliza shahada wakarudi Kigoma, ni maofisa uvuvi wa kata, na safari moja alikuwa katibu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ambaye wageni walimkuta mwaloni wakiwa wameshashika chupa mkononi. Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, na maswali ni yaleyale. Haya hapa yote kwa pamoja.

Kwanza niondoe utata wa jina. Wageni wengi wanatoka kwenye vitengo vya bioteknolojia ya bahari, na watu huniuliza bahari iko wapi Kigoma. Haipo. Mwaka 1896 Mwingereza J.E.S. Moore alikuja kuchunguza kama ziwa letu liliwahi kuungana na bahari, kwa kuwa ndani yake kuna konyeza, yule kiumbe wa utelezi kama jeli ambaye wengi walimjua wa baharini tu. Dhana ile ilikuja kukataliwa. Konyeza wenyewe bado wapo. Kinachowaleta wataalamu wa leo ni kingine: kina cha mita 1,470, maji ambayo kuanzia takriban mita 200 kwenda chini hayana oksijeni kabisa, na mamia ya spishi zisizopatikana kwingine duniani. Bakteria wanaoishi kule chini wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemikali, ambavyo maabara zinavitafuta kama watu wanavyotafuta dhahabu. Kazi moja iliyochapishwa mwaka 2021 ilitoa jenomu (seti nzima ya vinasaba) 523 za vijidudu kutoka maji ya ziwa hili. Nadharia imeishia hapo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Muda. Mgeni akikwambia anakuja baada ya wiki sita, mwombe asogeze safari. Mimi hutenga miezi sita, na bado huwa nakimbizana na barua za mwisho.

Taasisi ya kukusimamia. Peke yako huwezi kusaini kitu chenye uzito. Kigoma pana kituo cha TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na hapo ndipo pa kubisha kwanza. Ukiwa na uhusiano na chuo kikuu ulichosoma, nacho kinafaa.

Vifaa vya mkononi: mirija ya plastiki ya mililita 2 yenye kifuniko cha skrubu (si cha kubonyeza, hicho hufunguka ndani ya ndege), etanoli ya asilimia 96, mikasi midogo, koleo, glavu, deli la barafu, penseli tatu, karatasi ngumu ya kukata vibandiko, kaunta buku moja, na simu yenye GPS. Na jaketi okozi kwa kila kichwa. Sitalirudia hilo.

Bajeti yako mwenyewe, iliyoandikwa. Mafuta ya boti, posho ya nahodha, barafu, usafiri wa mzigo hadi Dar es Salaam, vocha. Mgeni asipokuona na bajeti atakupangia ya kwake, na ya kwake haina barafu.

Hatua ya 1: Jibu barua kwa maswali

Furaha ya kuandikiwa na chuo kikubwa huwafanya watu wajibu "karibu sana" siku hiyohiyo. Subiri. Jibu kwa adabu na uulize mambo haya: Unataka kiumbe gani, kiasi gani, kutoka wapi? Nani analipa mradi, na andiko lake naweza kuliona? Sampuli zitaishi wapi baada ya mradi? Mnatafuta elimu tu, au kuna kampuni nyuma yake? Na kazi gani itafanyika hapa Tanzania, na nani?

Swali la mwisho ndilo chujio. Anayejibu "utakusanya na kututumia" anatafuta mpiga kasia. Si kosa kuwa mpiga kasia, mradi ujue ndicho ulichoajiriwa na ulipwe hivyo. Anayejibu kwamba kuna nafasi ya mwanafunzi wa uzamili kutoka Kigoma, huyo mzungumze.

Hatua ya 2: Ipeleke taasisini kabla hamjaelewana mno

Chapa barua zote kwenye karatasi, nenda nazo kwa mkurugenzi wa kituo. Usifike na mpango uliokwisha kuiva ukimwomba muhuri tu. Mzee yeyote wa ofisi akihisi amefanywa mgonga mihuri, faili lako litalala. Akishirikishwa mwanzoni, atakwambia mambo usiyoyajua, kama vile kwamba kundi jingine linafanya kazi hiyohiyo upande wa Bujumbura au Mpulungu. Ziwa ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na tangu mwaka 2003 kuna mkataba wa pamoja wa kulisimamia, wenye mamlaka yake makao makuu Bujumbura.

Hatua ya 3: Andikeni nani anabaki na nini

Hapa ndipo ukae sana. Hatua nyingine zote ukikosea unaweza kurekebisha. Hii haina marekebisho baada ya mzigo kupanda ndege.

Niliwahi kushiriki safari moja, miaka ya mwanzo, na chuo kimoja cha nje. Siku kumi na moja ziwani, usiku kucha tunachuja maji. Miaka mitatu baadaye nilikutana na makala yao mtandaoni. Majina tisa juu, langu halimo; chini, kwenye shukrani, wameandika "wavuvi wa eneo." Sikuwa mvuvi. Lakini nilipotafuta karatasi ya kuwabana, sikuwa nayo.

Waraka unaoutaka ni makubaliano ya kuhamisha sampuli. Wenyewe kwenye kazi huuita MTA. Mara nyingi mgeni ataleta wa kwao, kurasa kumi na mbili. Usome wote, kisha hakikisha haya yamo:

a) Kila sampuli inagawanywa mara mbili na nusu inabaki Tanzania. Asikwambie "tutawarudishia." Igawanywe siku ileile, mezani, mkiwa wote.

b) Sampuli inatumika kwa kazi iliyotajwa pekee. Wakitaka kuipa maabara ya tatu, waombe kwa maandishi.

c) Mfuatano wa vinasaba, yaani zile herufi zinazosomwa na mashine, nao uhesabiwe. Watu wengi hulinda mrija wakasahau faili. Maabara ikishasoma jenomu na kuipandisha kwenye hifadhi ya wazi, mtu yeyote aliyeko Boston au Shanghai anatengeneza kimeng'enya bila kugusa tone la Tanganyika. Dunia imeanza kuliona jambo hili: mkutano wa bioanuwai wa Cali, Kolombia, mwaka 2024 ulianzisha mfuko ambao kampuni zinazonufaika na taarifa hizo zinatakiwa kuuchangia. Ila kuchangia huko ni kwa hiari, kwa hiyo andika lako kwenye mkataba.

d) Majina kwenye makala. Taja kwa majina na kwa kazi: fulani atachambua data za maji, fulani atakuwa mwandishi mwenza.

e) Ikipatikana bidhaa au hataza (haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi), pande zote zirudi mezani kabla ya maombi ya hataza kupelekwa.

Kuhusu (e), kuna wanaonicheka: "Kaka, nani atatajirika na tope?" Bakteria Thermus aquaticus alitolewa kwenye chemchemi ya moto ndani ya hifadhi ya Yellowstone, Marekani, akatangazwa mwaka 1969. Kimeng'enya chake ndicho kilichowezesha kipimo cha PCR kilichotumika sana hospitalini wakati wa korona. Haki za PCR ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Yellowstone haikupata kitu, na hiyo ni hifadhi ya taifa tajiri. Tope lina wenyewe.

Jua pia nguvu yako iko wapi. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inataka mtumiaji apate ridhaa ya nchi yenye rasilimali na makubaliano ya kugawana manufaa. Maabara za Umoja wa Ulaya zinabanwa na kanuni yao namba 511 ya mwaka 2014: lazima zitunze nyaraka za asili ya sampuli hadi miaka 20 baada ya kumaliza kuitumia. Kwa hiyo Mjerumani au Mbelgiji anahitaji karatasi yako kuliko wewe unavyohitaji hela yake. Mmarekani ni tofauti. Nchi yake haijaridhia Mkataba wa Bioanuwai, ambao Itifaki ya Nagoya iko chini yake, kwa hiyo kwake ulinzi wako mkubwa ni mkataba mliosaini. Usome mara mbili.

Halafu usijidanganye. Samaki wengi wa mapambo wa Tanganyika wanazalishwa Ulaya kwa miongo sasa, wanauzwa madukani. Mtu akitaka vinasaba vya samaki hao haji Kigoma. Anayekuja anataka kitu ambacho hakipo dukani: vijidudu vya kina, sifongo, konokono kutoka mwamba unaojulikana, na data za mahali na siku. Thamani yako iko hapo.

Hatua ya 4: Vibali

Mtafiti wa kigeni hafanyi utafiti nchini bila kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na maombi yake lazima yawe na mshirika wa Kitanzania. Jina lako linaingia hapo. Kibali kikitoka, anahitaji kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji. Kutoka COSTECH barua hushuka mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Ifuate kwa miguu. Barua haitembei yenyewe.

Ukiingia Gombe au Mahale unahitaji pia ruhusa ya TANAPA, wenye hifadhi za taifa, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Wengi hudhani hifadhi ni msitu na sokwe tu. Mpaka wa Mahale unaingia ziwani kilomita 1.6, na askari wana boti.

Kutoa sampuli nje ya nchi ni ruhusa nyingine, tofauti na ya kufanya utafiti. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi: kibali cha COSTECH kipo, sampuli zimejaa friji, siku ya kusafiri ndiyo mtu anauliza kama kuna hati ya kusafirisha. Uliza Idara ya Uvuvi na taasisi yako mwezi wa kwanza wa maandalizi, si wa mwisho.

Angalia kalenda. Mwaka 2024 upande wetu ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Ukiwa na wavu wa sampuli kipindi cha kufunga, kwa doria wewe ni mvuvi haramu mpaka uthibitishe vingine. Omba barua mahususi inayotaja boti, tarehe na zana.

Hatua ya 5: Mwaloni

Nenda kwa BMU kabla ya wageni kufika, uende mwenyewe, kwa heshima. Eleza kwa Kiswahili cha kawaida mnachochukua na kwa nini. Usiseme mnatafuta "dawa," maana kesho yake Kibirizi nzima itakuwa inasema Wazungu wamekuja kuiba dawa ya ziwa, na Katonga watasema dhahabu.

Panga safari wiki ya mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa na giza, kwa hiyo mwezi ukijaa boti ziko ufukweni na manahodha wazuri wana nafasi. Ukienda wakati wa giza utapata nahodha ambaye wenzake hawakumtaka. Mlipe bei mliyoafikiana, siku ileile, na muandikishane.

Hatua ya 6: Kuchukua sampuli

Toka alfajiri. Upepo wa kusini wa kuanzia Mei hadi Septemba huamka na jua, na saa tano asubuhi ziwa linaweza kuwa lingine kabisa.

1. Andika kwenye kaunta buku kabla ya kugusa kitu: tarehe, saa, mahali kwa GPS, kina, hali ya hewa, nani yuko botini. Piga picha ukurasa huo.

2. Kwa samaki, kata kipande cha pezi cha milimita 3 hadi 5. Inatosha kabisa. Etanoli iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Baada ya saa 24 imwage uweke mpya, kwa sababu maji ya nyama huipunguza nguvu.

3. Kibandiko kiandikwe kwa penseli na kiwekwe NDANI ya mrija, pamoja na namba juu ya kifuniko. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye etanoli. Mwaka mmoja nilikuwa na mirija arobaini safi, kila mmoja na karatasi nyeupe ndani, na maji ya buluu. Nilijua zote ni konokono. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

4. Kwa maji ya kina, teremsha chupa ya sampuli (ile inayofungwa ikiwa chini, wewe ukiwa botini) taratibu na uangalie kamba. Ikilala pembeni kwa sababu boti inasukumwa, mita 200 za kamba si mita 200 za kina. Mwambie nahodha arudishe boti juu ya kamba, subiri, kisha funga chupa. Ukishuka vya kutosha pua itakuthibitishia: maji ya chini yana harufu ya yai viza.

5. Maji hayo yasiyo na oksijeni yajaze hadi yamwagike, funga bila kuacha kiputo cha hewa. Kiputo kimoja kinatosha kuua mnachokitafuta.

6. Chuja siku hiyohiyo, kwa kichujio cha mikroni 0.22, na kichujio kiende kwenye baridi au kwenye kimiminika cha kuhifadhia mara moja. Mtakuwa mmechoka. Chujeni.

Hatua ya 7: Gawa, funga, safirisha

Gawanyeni mezani, kila upande asaini orodha. Nusu ya Tanzania ikae kwenye friji ya taasisi. Friji ya nyumbani kwako ina mboga na watoto.

Etanoli inawaka, na mashirika ya ndege yanaijua. Kuna utaratibu wa kimataifa wa vielelezo visivyo na maambukizi, unaitwa A180: kila chombo cha ndani kisizidi mililita 30, jumla ya kimiminika kwenye boksi isizidi lita 1, mifuko ya kuzuia kuvuja, kitu cha kunyonya kimiminika, na boksi gumu la nje lenye maandishi yanayotakiwa. Njia iliyo rahisi zaidi ni kumwaga etanoli karibu yote saa chache kabla ya safari, ukaacha nyama imelowa tu. Ongea na ofisi ya mizigo siku kadhaa kabla. Ukiibuka uwanja wa ndege wa Kigoma asubuhi ya safari na mirija 200, wao hawana kosa wakikukatalia.

Usikubali mgeni aibebe "kimya kimya" kwenye begi la nguo. Ikikamatwa, jina la mshirika wa Kitanzania ni lako.

Hatua ya 8: Baada ya ndege kuondoka

Weka simu ya mtandaoni mara moja kwa mwezi, tarehe maalumu, hata kama hakuna jipya. Omba data ghafi, si picha za matokeo. Na tuma ripoti COSTECH kwa wakati. Mgeni akirudi mwaka wa pili watauliza ya mwaka wa kwanza.

Mambo yakikwama

*Kibali kimechelewa na mgeni ameshakata tiketi.* Aje kama atapenda, lakini asiguse maji. Tumieni wiki hiyo kufundishana uchambuzi wa data na kuwatembelea BMU. Nimeona timu moja ikifanya hivyo, na wiki ile ndiyo iliyozaa mwanafunzi wao wa uzamili.

*Mshirika amenyamaza.* Mwandikie mara mbili. Ya tatu nakili ofisi ya ushirikiano ya chuo chake na mfadhili, ukiambatisha ukurasa wa makubaliano wenye kipengele chenyewe. Usitukane. Kipengele kinatosha.

*Makala imetoka bila jina lako.* Kama liko kwenye makubaliano, mwandikie mhariri wa jarida na uambatishe. Majarida hufanya masahihisho ya waandishi. Kama haliko, rudi Hatua ya 3 kwa ajili ya safari ijayo.

*Umeme umekatika siku mbili.* Usifungue friji kuangalia. Ongeza barafu ya samaki kuzunguka vichujio, andika saa umeme ulipokatika na uliporudi. Mirija ya etanoli haina wasiwasi, ndiyo maana naipenda.

*Boti ilisukumwa upande wa Kongo.* GPS itaonyesha, na data za mahali zitaonyesha pia. Sampuli hizo ziweke kando. Kibali chako si cha maji yale, na kubadilisha namba daftarini ni kuharibu kazi nzima. Kama mnazihitaji, tafuteni mshirika wa Uvira au Kalemie, mwanze upya naye.

*Mrija umekutwa mkavu.* Usiutupe. Vinasaba vinaweza kuwa bado vimo. Weka etanoli mpya, andika tarehe uliyoukuta hivyo, na umwambie mshirika wako kabla hajaugundua mwenyewe.